Mwongozo kamili: namna shule ya msingi inavyoweza kuisaidia mapema familia iliyoelemewa

Shida ya nyumbani huonekana shuleni kabla haijafika ofisi yoyote ya serikali. Mtoto aliyekuwa akiwahi namba huanza kuchelewa, daftari lililokuwa na jalada hurudi limechanika, na mzazi aliyekuwa hakosi kikao huanza kumtuma jirani. Wakati huo Mtendaji wa Kijiji hajui lolote, Afisa Ustawi wa Jamii hana taarifa, na huenda hata ndugu wa karibu hawajaambiwa. Mwalimu wa darasa ndiye mtumishi pekee wa umma anayemwona mtoto huyo siku tano kwa wiki, na kwa hiyo ndiye mwenye nafasi ya kugundua jambo likiwa bado dogo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya walimu wakuu, walimu wa malezi na unasihi, walimu wa darasa na wajumbe wa kamati za shule za msingi Tanzania Bara. Unahusu familia ambazo bado zinajimudu nusu: kaya ambayo baba ameondoka kwenda machimboni na hatumi kitu, bibi anayelea wajukuu wanne, mama aliyejifungua akiwa mgonjwa, au wazazi wanaogombana kila usiku. Familia hizi hazijafikia hatua ya kuitiwa polisi, lakini zikiachwa miezi sita zaidi mtoto atakuwa ameshaacha shule. Mambo ya ukatili na hatari ya maisha yana njia yake, ambayo imeelezwa mbele, na hayapaswi kucheleweshwa kwa kupitishwa katika hatua hizi za taratibu.

Hatua ya kwanza: panga nani anafanya nini

Shule nyingi zina mwalimu wa malezi kwenye karatasi, lakini kazi yake haijulikani zaidi ya kuzungumza na wasichana kuhusu usafi wa mwili. Mwalimu mkuu aanze kwa kuwaeleza walimu wote kwa uwazi kwamba dalili yoyote ya shida ya nyumbani inapelekwa kwa mwalimu wa malezi, si kwenye soga za ofisini wakati wa chai. Inafaa wawepo walimu wa malezi wawili, wa kike na wa kiume, kwa sababu kuna mambo ambayo mvulana wa darasa la sita hatamwambia mwalimu wa kike, na yapo ambayo msichana hatamwambia mwalimu wa kiume hata akiulizwa kwa upole kiasi gani. Ikiwa shule ina dawati la ulinzi na usalama wa mtoto, walimu hawa wawe sehemu ya dawati hilo badala ya kuunda kikundi kingine sambamba.

Jambo la pili ni daftari la ufuatiliaji. Hili si daftari la mahudhurio wala si kitabu cha adhabu. Ni daftari la kawaida linalofungiwa kabatini, ambalo ufunguo wake anao mwalimu wa malezi na mwalimu mkuu peke yao. Kila ukurasa unabeba mtoto mmoja, na maandishi yake yanataja kilichoonekana, tarehe, nani aliongea na nani, kilichokubaliwa, na siku ya kuangalia tena. Andika ulichokiona kwa macho na ulichokisikia kwa masikio, usiandike hukumu. "Amekuja bila kula siku tatu mfululizo, amelala kipindi cha nne" ni maelezo yanayomsaidia mtu mwingine atakayesoma, ilhali "mama yake ni mzembe" hayamsaidii yeyote na yanaweza kuleta kesi.

Hatua ya pili: lisome daftari la mahudhurio kwa jicho lingine

Walimu wengi hulijaza daftari la mahudhurio kwa ajili ya takwimu za mwisho wa mwezi, kisha wanalifunga. Ukilisoma taratibu, hata dakika 20 kila Ijumaa, lina habari nyingi kuliko kikao cha wazazi. La kuangalia si idadi ya siku alizokosa mtoto tu, bali siku zenyewe na jinsi zilivyopangana.

Mtoto anayekosa siku ileile kila wiki, mara nyingi siku ya gulio au mnada, anafanya kazi: anauza, anabeba mzigo, au anabaki na wadogo zake wakati mama yuko sokoni. Anayekosa Jumatatu huenda mwishoni mwa wiki anapelekwa kwa mzazi mwingine aliyetengana na wa kwanza, na nauli ya kurudi haipatikani. Wanandugu wawili wanaopishana, wa darasa la tatu akiwepo Jumanne na wa darasa la tano akiwepo Jumatano, ni dalili ambayo huwapita wengi kwa sababu kila mmoja yuko kwenye daftari lake. Ukiweka madaftari mawili sambamba utaona mara moja. Ama wana jozi moja ya viatu au sweta moja, ama kuna mgonjwa au mtoto mchanga nyumbani ambaye lazima mmoja wao abaki naye. Kwa sababu hiyo ni vyema kila mwisho wa mwezi walimu wa madarasa wakae pamoja na orodha ya watoto wa kaya moja, jambo ambalo halihitaji bajeti wala kibali.

Mtoto anayekosa siku moja tu kwa wiki haonekani kuwa mtoro, na hapo ndipo wengi wanapotea. Katika mwaka wa masomo wenye siku 194, siku moja kila wiki ni karibu siku 39, yaani zaidi ya wiki saba za masomo. Mahudhurio yake yanasimama kwenye asilimia 80. Kiwango hicho kina maana ya pekee kwa kaya zilizo katika Mpango wa Kunusuru Kaya Maskini unaoendeshwa na TASAF, yaani Mfuko wa Maendeleo ya Jamii, kwa kuwa masharti ya mpango huo yanamtaka mtoto wa shule ahudhurie angalau asilimia 80 ya siku za masomo. Mtoto huyo akipata homa ya malaria ya siku mbili tu, kaya yake inaweza kukatwa sehemu ya ruzuku, na ruzuku ikikatwa sababu ya kumpeleka mtoto sokoni inaongezeka. Mwalimu anayejaza fomu ya mahudhurio ya TASAF anapaswa kujua kwamba anagusa chakula cha watu. Simaanishi kwamba adanganye. Namaanisha kwamba mtoto akifikisha siku mbili za kukosa ndani ya mwezi mzazi apewe taarifa mara moja, wakati bado kuna nafasi ya kurekebisha, badala ya kuisikia habari hiyo siku ya malipo.

Zaidi ya mahudhurio kuna dalili za darasani, ambazo mwalimu yeyote mzoefu anazifahamu: mtoto aliyekuwa akisoma vizuri anashuka ghafla katika KKK (kusoma, kuandika na kuhesabu), anasinzia, anakusanya mabaki ya uji, anajitenga, au anakuwa mkali bila sababu. Dalili moja peke yake haitoshi. Zikiwa mbili au tatu kwa pamoja, fungua ukurasa.

Hatua ya tatu: ongea na mtoto kwanza, na uongee kidogo

Usimsimamishe mbele ya darasa, wala usimwite ofisini wakati walimu wengine wanaingia na kutoka. Chini ya mti panapoonekana na watu lakini pasiposikika ni mahali pazuri kuliko chumba kilichofungwa, kwa usalama wa mtoto na wa mwalimu pia. Anza na jambo unalolijua kwa hakika: "Nimeona hukuja Jumatano, na wiki iliyopita pia." Kisha nyamaza. Watoto wa umri huu hujibu swali lililo wazi wakipewa muda, lakini wakiulizwa maswali kumi mfululizo watasema kile wanachodhani mwalimu anataka kukisikia.

Usimwahidi mtoto kwamba utaitunza siri yoyote atakayokuambia, kwa sababu akikueleza kuwa anapigwa au ananajisiwa utalazimika kuwaambia wengine. Mwambie badala yake kwamba hutalitangaza jambo lake, na kwamba utawaambia wale tu wanaoweza kumsaidia.

Hapa inafaa kusema neno kuhusu viboko. Kanuni za adhabu ya viboko shuleni zinataka adhabu hiyo itolewe na mwalimu mkuu au mwalimu aliyeteuliwa naye kwa maandishi, isizidi viboko vinne, na iandikwe kwenye kitabu maalumu. Desturi ya kumchapa kila aliyekosa jana, getini, kabla hajaulizwa alikuwa wapi, iko nje ya kanuni hizo, na pia inaharibu kazi yote inayoelezwa hapa. Mtoto aliyebaki nyumbani kumwogesha mama yake mgonjwa, akachapwa siku ya pili, amejifunza kwamba akikosa siku moja ni afadhali akose na ya pili.

Hatua ya nne: mfikie mzazi bila kumwita

Barua ya wito ndiyo silaha inayoshikwa kwanza na ndiyo inayofaa kushikwa mwisho. Mzazi aliyeelemewa akipokea barua yenye mhuri, anawaza michango, faini au mtendaji. Hatakuja, na asipokuja ataandikwa kuwa hashirikiani na shule. Njia zinazofaa zaidi ni simu fupi ya salamu, kuonana naye njiani, au kumtembelea nyumbani. Ziara ya nyumbani ifanywe na walimu wawili, mchana, ikiwezekana baada ya kumuarifu mzazi siku moja kabla ili asifumaniwe akiwa hana hata kigoda cha kumkaribishia mgeni. Balozi au mwenyekiti wa kitongoji anaweza kuelekeza njia, lakini si lazima akae kwenye mazungumzo.

Chukua mfano wa bibi anayelea wajukuu, ambaye mmoja wao hukosa kila Jumatano. Mazungumzo yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo bibi."

"Marahaba, mwalimu. Karibuni. Huko shuleni hamjambo?"

"Hatujambo, bibi. Tumepita kukusalimu. Huyu mjukuu wako ni hodari wa hesabu, na tunamkosa siku za Jumatano. Tukasema tuje tujue mnaendeleaje hapa nyumbani."

"Ee, Jumatano si ndiyo gulio, wanangu. Miguu yangu hii haifiki tena. Yeye ndiye anayebeba mchicha."

Sasa mwalimu yuko kwenye njia panda. Akisema "Lakini bibi, sheria inakataza," amefunga mlango, ingawa anachosema ni kweli. Akiuliza "Tufanyeje ili mchicha ufike na yeye awahi darasani?" anampa bibi nafasi ya kufikiri pamoja naye. Huenda kuna jirani anayekwenda gulioni na baiskeli. Huenda mtoto anaweza kupeleka mzigo alfajiri na kuingia darasani kipindi cha pili, kwa ruhusa iliyoandikwa na kwa mwezi mmoja tu, wakati mpango mwingine unatafutwa. Najua wapo walimu wakuu watakaoliona jambo hili kuwa ni kuhalalisha uchelewaji. Kwa maoni yangu, kukosa kipindi kimoja kwa wiki kwa makubaliano ni bora mara nyingi kuliko kukosa siku nzima kwa kujificha.

Kabla ya kuondoka kubalianeni mambo mawili au matatu, si zaidi, na moja kati ya hayo liwe la shule kufanya. Mzazi akiona kwamba mwalimu naye amechukua mzigo, atafungua mlango safari ijayo. Usichukue chakula wala zawadi kubwa kutoka kaya hiyo, ila maji au kikombe cha uji ukikaribishwa, kunywa, maana kukataa kunasomeka kama dharau.

Hatua ya tano: toa kilicho ndani ya uwezo wa shule

Tangu Januari 2016, elimu ya msingi hutolewa bila ada, lakini Waraka wa Elimu Namba 3 wa 2016 uliwaachia wazazi sare, madaftari na kalamu, chakula cha mwanafunzi wa kutwa na matibabu. Kwa kaya ya kawaida mahitaji hayo yanabebeka. Kwa kaya iliyoelemewa, hayo ndiyo yanayomtoa mtoto shuleni. Ruzuku ya uendeshaji, iliyopangwa kuwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi wa msingi kwa mwaka huku 6,000 zikipelekwa shuleni na zilizobaki zikiwekwa kwa ajili ya vitabu, haiwezi kuziba pengo hilo. Shule inapaswa kutumia vitu vingine ilivyo navyo: mamlaka, muda, heshima mbele ya jamii, na mara nyingi shamba.

Chakula kinakuja kwanza. Katika shule ambako wazazi huchangia mahindi na maharage, daima kuna kaya zisizoweza kutoa debe lao kwa wakati. Kamati ya shule iweke utaratibu tangu mwanzo wa mwaka, kabla ya kujua ni nani atakwama: mzazi anaweza kuchangia kuni, maji au siku za kazi badala ya mahindi, na sehemu ya mavuno ya shamba la shule itengwe kwa wasio na cha kutoa kabisa. Orodha yao abaki nayo mwalimu mkuu na mweka hazina wa chakula. Mtoto ale kwenye sahani ileile na mstari uleule. Kuna shule ambazo huwatenga pembeni watoto ambao wazazi hawajachangia wakitazama wenzao wakila, na hakuna namna ya kulieleza jambo hilo likasikika kuwa la busara. Michango ya aina nyingine nayo isiwe sababu ya kumrudisha mtoto nyumbani. Mambo ya michango shule iyazungumze na mzazi mwenyewe.

Sare na viatu vinaweza kupatikana bila fedha nyingi ikiwa wahitimu wa darasa la saba wataombwa kuacha sare zao zenye hali nzuri. Zifuliwe, zikunjwe, zikae stoo, na mtoto apewe mwisho wa siku wenzake wakiwa wametawanyika. Naomba sana kamati zijizuie na ile tabia ya kumpa mtoto viatu mstarini huku anapigwa picha. Anayetoa hupata picha, mtoto hubaki na jina. Taulo za kike zishughulikiwe kwa namna hiyohiyo, zikae kwa mwalimu wa kike wa malezi, na msichana azipate bila kuandikwa jina kwenye karatasi ya kusaini.

Masomo yaliyopita ni suala jingine. Mtoto aliyekosa wiki tatu hurudi akiwa haelewi kinachoendelea, na aibu ya kutoelewa humwondoa tena. Vipindi vya ziada vya KKK, rafiki wa dawati aliyepangwa kumsaidia, na mwalimu anayekubali kumsahihisha kazi za nyuma bila kejeli, vinatosha kwa wengi wao. Aliyekaa nje muda mrefu hadi umri wa darasa lake umempita aangaliwe kama anafaa kupelekwa MEMKWA, yaani Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa. Na kwa aliyekatisha masomo kwa sababu yoyote, ikiwemo ujauzito, Waraka wa Elimu Namba 2 wa 2021 umefungua mlango wa kurejea katika mfumo rasmi. Wazazi wengi bado hawaujui waraka huo, kwa hiyo ziara ya nyumbani ni mahali pazuri pa kuwaambia.

Hatua ya sita: iunganishe familia na wanaoweza zaidi

Mwalimu si afisa ustawi wa jamii, na akijaribu kuwa hivyo atachoka na kuacha. Ndani ya wiki mbili au tatu itaonekana kama mambo mawili matatu yaliyokubaliwa yametosha. Yasipotosha, shule ipeleke jambo hilo mbele, kwa ridhaa ya mzazi, huku ikijua kila mlango unatoa nini hasa.

Ofisi ya Mtendaji wa Kijiji au Mtaa ndiyo inayoitambua kaya. Barua yake ndiyo hufungua milango mingine. Kuhusu TASAF, mzazi aelezwe ukweli: mpango haupokei watu kila siku, na utambuzi wa kaya hufanyika kwa awamu, majina yakijadiliwa kwenye mkutano wa kijiji au mtaa. Kinachowezekana kwa kaya isiyomo ni kuhudhuria mikutano hiyo na kuhakikisha inatambulika na uongozi. Usimwambie mtu "nitakuingiza TASAF." Ahadi hiyo hutaiweza, na itaiharibu imani yote uliyoijenga.

Afisa Maendeleo ya Jamii wa Kata anahusika na vikundi na mikopo isiyo na riba inayotokana na asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambayo hugawanywa asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Kwa mama mwenye biashara ndogo mkopo huo unaweza kuwa msaada, lakini unahitaji kikundi kilichosajiliwa na unarudishwa. Mama ambaye leo hana unga asisukumwe kwenye deni. Kwake, kikundi cha hisa cha jirani kinachomruhusu kuanza na kiasi kidogo kinafaa zaidi, na pia jumuiya ndogondogo za kanisa au kamati ya msikiti inayogawa zaka na sadaka, ambazo mara nyingi hufika haraka kuliko ofisi.

Shida ikiwa ni ugonjwa, mhudumu wa afya ngazi ya jamii na kituo cha afya ndiyo mahali pa kuanzia. Katika hospitali za umma lipo dawati la ustawi wa jamii linaloweza kushughulikia msamaha wa gharama kwa asiyejiweza, na barua ya mtendaji hurahisisha kazi yake. Mtoto asiyeona ubaoni au asiyesikia vizuri apelekwe kupimwa kabla hajaitwa mzito wa kuelewa. Mara kadhaa kinachoitwa uzembe ni macho.

Mambo ya malezi, matunzo ya mtoto kutoka kwa mzazi aliyeondoka, ulevi na ugomvi wa ndani ni ya Afisa Ustawi wa Jamii, wa kata pale alipo, na wa halmashauri pale ambapo kata haina. Yeye ndiye anayeweza kuwaita wazazi wote wawili na kuandikisha makubaliano ya matunzo kwa msingi wa Sheria ya Mtoto ya 2009. Kwenye kata na kijiji zipo pia kamati za ulinzi wa wanawake na watoto zilizoundwa chini ya MTAKUWWA, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto. Pale zinapofanya kazi zinasaidia, na pale zilipokufa mwalimu mkuu anaweza kuuliza kwenye kikao cha maendeleo ya kata ni lini zilikutana mara ya mwisho.

Barua ya shule kwenda ofisi yoyote kati ya hizi iwe ya ukurasa mmoja. Itaje jina la mtoto na darasa, kilichoonekana na tarehe zake, kile ambacho shule imeshafanya, kile ambacho mzazi mwenyewe anakiomba, na jina la mwalimu wa kumrudia. Ipitie kwa mwalimu mkuu, iwekwe kwenye bahasha iliyofungwa, nakala ibaki kabatini, na isitumwe kwa mkono wa mtoto. Kabla ya kuituma piga simu, maana barua isiyotanguliwa na simu hulala kwenye trei.

Pale penye hatari, usifuate taratibu hizi

Mtoto mwenye majeraha yasiyoelezeka, anayesema amenajisiwa, anayetajwa kuozeshwa au kukeketwa, aliyeachwa peke yake nyumbani, au anayeogopa kurudi kwao, hasubiri ziara wala makubaliano na mzazi. Siku hiyohiyo taarifa iende kwa Afisa Ustawi wa Jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Sheria ya Mtoto inamtaka mtu yeyote katika jamii mwenye taarifa za mtoto anayenyimwa haki zake azifikishe kwa serikali ya mtaa, kwa hiyo mwalimu anayetoa taarifa anatimiza wajibu na haingilii mambo ya watu. Simu ya bure ya huduma kwa mtoto ni 116, na inafaa hasa pale ambapo anayeshukiwa ni mtu mwenye cheo kijijini au ni mwalimu mwenzako, yaani pale ambapo ngazi za kawaida zimezibwa.

Kama kuna unajisi, mtoto asiogeshwe na nguo zake zisifuliwe. Apelekwe hospitali haraka, kabla ya saa 72 kupita, kwa kuwa dawa za kuzuia maambukizi ya virusi vya UKIMWI hazianzishwi baada ya muda huo. Fomu ya PF3, ambayo daktari huijaza kwa ajili ya ushahidi, hutolewa polisi, na katika hospitali zenye kituo cha mkono kwa mkono huduma ya polisi, daktari na ustawi hupatikana mahali pamoja. Mwalimu asimhoji mtoto kwa kina, kwani kila anaporudia maelezo anaumia upya na ushahidi unavurugika. Wala asikubali kukaa kwenye kikao cha ukoo cha kumaliza jambo kwa mbuzi au fedha.

Hatua ya saba: rudi kuangalia

Sehemu kubwa ya juhudi hizi hufia hapa. Familia ilitembelewa, barua ikaandikwa, kila mtu akaridhika, na hakuna aliyerudi. Kila ukurasa wa daftari la ufuatiliaji uwe na tarehe ya kuangalia tena, isiyozidi wiki mbili kwa mambo mapya na mwezi mmoja kwa yaliyotulia. Mwalimu mkuu na walimu wa malezi wakutane nusu saa kila mwezi kupitia kurasa zilizo wazi. Maswali ya kuuliza ni machache: mtoto anahudhuria kuliko zamani? Kilichokubaliwa kimefanyika? Ofisi iliyoandikiwa imejibu? Isipojibu kwa wiki mbili, apigiwe simu Afisa Elimu Kata asukume. Kamati ya shule na umoja wa wazazi na walimu wapewe idadi tu, kwamba muhula huu watoto kadhaa wamefuatiliwa na kadhaa wametulia, bila jina hata moja.

Ukurasa hufungwa pale mahudhurio yanapokaa sawa kwa muhula mzima, si pale mzazi anapoahidi. Ukifungwa, mzazi aambiwe. Wazazi huambiwa kila mara mtoto anapoharibikiwa, na hushangaa wakipigiwa simu kuelezwa kwamba mwanao hajakosa hata siku moja tangu Aprili.

Mwalimu wa malezi akihamishwa, kama inavyotokea katikati ya mwaka bila taarifa ndefu, daftari likabidhiwe kwa maandishi kwa mrithi wake mbele ya mwalimu mkuu, na wote wawili wazitembelee pamoja angalau zile kaya ambazo kurasa zake bado zi wazi, ili sura mpya itambulishwe na sura wanayoijua. Mtoto akihamia shule nyingine, fomu ya uhamisho peke yake haibebi habari hizi. Mwalimu mkuu ampigie mwenzake wa shule anayokwenda, kwa ridhaa ya mzazi, amweleze yale tu ambayo mwalimu mpya wa darasa atayahitaji wiki ya kwanza: kwamba hasikii vizuri sikio la kushoto, kwamba asubuhi humpeleka mdogo wake kwa shangazi kwanza, na kwamba namba ya simu iliyoandikwa kwenye fomu ni ya jirani.